Kisu cha Upande Mmoja

Mara tano upande wa kulia, mara tano upande wa kushoto. Mnoaji alipoinua kisu kwenye mwanga wa dirisha, aliona alichoharibu.

Kisu kilikuwa kirefu na chembamba kama jani la muwa. Upande wake wa kushoto ulikuwa bapa, haukuwahi kutiwa makali tangu kufuliwa. Sasa ulikuwa na mkwaruzo. Kumbe kisu cha upande mmoja! Miaka thelathini na moja amenoa visu katika nchi nne, na kila kisu alikipa haki sawa, huku na huku. Nani angemwambia kwamba kuna chuma kinachotaka upendeleo?

Asubuhi ile mkewe alikuwa amemwambia, "Baba watoto, ngazi za watu umezipanda vya kutosha. Siku hizi kisu kikiwa butu wanatupa, wananunua kingine. Pale ninapofanya usafi wanataka bawabu. Kiti kipo, joto lipo. Meneja anataka jibu leo kabla ya saa tisa."

"Nikae mlangoni kama gunia?"

"Gunia halina mshahara, mume wangu."

Akatoka na mkoba wa vinoo, akijua huenda ndiyo mzunguko wa mwisho. Mabucha mawili yakamkataa. Akakata uchochoro asiowahi kuupita, na hapo akaona pazia la buluu mlangoni, na nyuma ya kioo mzee mwenye upara akikata samaki kwa mvuto mmoja mrefu, bila kusukuma, kama anayepiga mstari. Mgahawa wa Kijapani! Miaka sita katika mji ule, na hakuwa na habari. Alisimama akikodoa macho mpaka mpishi akamwashiria aingie.

Lugha ya mji ule wote wawili waliisema kwa kuchechemea, kwa hiyo walielewana vizuri. Mpishi alimpa kisu kimoja cha kumjaribu, akaenda kuosha mchele.

Na sasa mambo ndiyo haya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mnoaji aliutazama, akautazama tena. Kisha akaita.

"Mpishi! Nimekosea. Nimenoa na huku."

Mpishi akaja, mikono inachuruzika maji. Akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Mnoaji akaanza kufunga vinoo vyake.

"Mara ngapi?"

"Tano."

"Tano tu?" Mzee akacheka kwa pua. "Mimi nilipoanza nilisugua asubuhi nzima. Mwalimu wangu hakunisemesha mwezi mzima."

"Mwezi? Mke wangu huninunia zaidi ya hapo kwa kuchelewa chakula."

Wakakaa bega kwa bega. Mpishi akachagua kinoo laini kuliko vyote, akalaza ubapa wote juu yake. "Usiinue. Kilaze kama mtoto aliyesinzia." Mnoaji akakilaza, akavuta, akavuta. Tope la jiwe likawa jeusi, mkwaruzo ukafifia, ukamezwa.

Mpishi akakijaribu. Kipande cha samaki kikalala kando, kinang'aa. Akamsogezea.

"Kibichi hiki?"

"Kibichi."

"Haya. Kwetu, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema kama imepikwa." Akafumba macho, akatafuna. Akafumbua jicho moja. Akanyoosha mkono kuomba kingine.

Mpishi akavuta droo. Visu kumi na kimoja, kila kimoja katika kitambaa chake. "Macho yangu hayayaoni tena makali," alisema. "Jumanne na Ijumaa, utaweza?"

Simu ikalia. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Umeamua?" mkewe aliuliza.

"Mwambie meneja kiti ampe mwenye miguu mibovu."

"Wewe! Uko wapi?"

"Shuleni, mama watoto."

Kicheko kikapenya kutoka upande wa pili. "Na mvi hizo! Haya, mwanafunzi, usiniletee vidole pungufu."

Mnoaji akamwaga kwenye sinki bakuli la maji machafu ya vinoo, akafungua bomba, akasimama akisikiliza bakuli linavyojaa.