Kura Mbili za Fundi na Mkewe

Foleni ya kupiga kura ilizunguka darasa zima ikatokea kwenye bomba la maji. Mshonaji alisimama nyuma ya bintiye, ambaye kwa mimba yake ya miezi saba kila mtu alitaka kumpisha, naye akawakatalia wote.

"Mama, umeshaamua?"

"Mungu ataniongoza."

"Mungu hana kadi ya kupigia kura, mama."

"Koma! Usikufuru mbele za watu." Lakini alicheka, maana marehemu mumewe angesema vilevile.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura bila mumewe. Na wagombea udiwani walikuwa watatu, kama mwaka ule.

Mwaka ule yeye na mumewe walikuwa vijana, wana chumba kimoja chenye cherehani moja. Mume anakata, mke anashona sare za shule. Mkandarasi alikuwa anagombea ili akichukue kiwanja cha zahanati ajenge maghala. Karani mstaafu aliahidi zahanati itabaki kama ilivyo, basi, hakuongeza neno. Wa tatu alikuwa Mkunga, aliyewazalisha wanawake wa mtaa mzima. Yeye alisema kubaki hakutoshi: kuwe na dawa, vitanda, na wakunga wa zamu usiku na mchana. Watu walimpenda Mkunga, na watu haohao walisema hawezi kushinda.

"Ukimpa Mkunga umempa Mkandarasi," mume alisema, huku anapiga chaki kwenye kitambaa. "Kura zetu zikigawanyika, yeye anapita katikati."

"Na nikimpa Karani, nani atajua tulitaka wakunga? Atasema hawa wameridhika, waache hivyohivyo."

"Kwanza zahanati ibaki, mama watoto. Kitanda utakiweka wapi jengo likibomolewa?"

"Miaka yote tunaambiwa kwanza, kwanza. Hiyo baadaye inafika lini?"

"Shona, bibie. Kola yako inakwenda upande."

"Kola iko sawa. Wewe ndiye umekaa upande."

Ndivyo walivyokuwa. Wangebishana tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa, halafu kila mmoja angemkubalia mwenzake kimyakimya, bila kumwambia. Kwa tabia hiyo waliwahi kumshonea mteja shati la mfuko mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Siku ya kura, jioni, wakiwa wanakunywa chai, mume akajikohoza. "Haya, furahi. Nimempa Mkunga wako."

Mke aliweka kikombe chini. "Baba watoto! Mimi nimempa Karani wako!"

Walicheka mpaka jirani wa chumba cha tatu akaja kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa akacheka mpaka akashika tumbo lake, maana alikuwa mjamzito.

Mkandarasi alishinda kwa kura kumi na tisa. Kabla ya mvua, mlango wa zahanati ulipigiliwa mbao. Jirani wa chumba cha tatu alipopatwa na uchungu, alipelekwa hospitali ya mbali, akarudi na shuka mikononi, bila mtoto. Mshonaji alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, mguu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Siku hiyo hakushona tena.

Uchaguzi uliofuata, Karani alirudi. Safari hii alikuwa ameziangalia zile kura mia sita za Mkunga, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: wakunga usiku na mchana. Akashinda, mbao zikang'olewa mlangoni, na wakunga wakaja.

"Unaona?" mume alisema. "Kura za Mkunga hazikupotea."

"Hazikupotea. Ila kamuulize wa chumba cha tatu zilimgharimu nini."

Baadaye wakagundua wamebadilishana upande, wakaanza upya. Walibishana hivyo mpaka mke alipomzika mumewe.

Sasa alikuwa ndani ya kibanda cha kura, kalamu mkononi. Tajiri mmoja alitaka zahanati aimiliki yeye. Diwani wa sasa, mzee mzito wa kufanya mambo, angeiacha ilivyo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa kike, kipenzi cha binti, na kila alilosema lilikuwa kweli. Mkono wa mshonaji ulielekea wenyewe kwa mwalimu, kwa mazoea yaleyale ya kumfurahisha mtu kimyakimya. Akaurudisha. Akasali kidogo. Akaweka alama.

"Nimempa diwani," alisema alipotoka, kabla hajaulizwa.

"Mama! Si ulisema mwalimu ana akili?"

"Anazo, na huyo mzee hamfikii. Lakini wewe umebakiza miezi miwili ujifungue, na mimi nataka ule mlango uwe wazi."

"Wote mkiogopa hivyo, mwalimu atashinda lini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi na baba yako hatukulimaliza hilo."

"Bora ungeninyamazia tu."

"Hapana. Nilimnyamazia baba yako, naye akaninyamazia. Wewe nakwambia."

Binti akatangulia kwa hasira, mkono kiunoni. Hakufika mbali. Akageuka, kidole juu. "Na jambo lingine, mama! Huyo diwani wako..."

Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyekuwa amembishia mshonaji kwa moyo wote namna hiyo. Akakaza mwendo, asije akakosa hata neno moja.