Gauni Jeusi na Kamera ya Vitufe Vitatu

Shangazi alikuwa ameshona gauni jeusi tii, nzi akitua juu yake humwoni. Meneja wa hoteli alitaka picha ya gauni hilo kabla ya kikao cha asubuhi hiyo, aamue nani atawashonea wahudumu wake wote. "Nyeusi kweli," alisisitiza, "siyo ya kupauka." Na simu ya shangazi ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunyunyizia nguo za pasi. Ikanyamaza moja kwa moja.

Ikabaki kamera ya bei poa. Ukiacha cha kupigia, ilikuwa na kitufe cha taa, kitufe cha kuhesabu sekunde ukitaka kujipiga mwenyewe, na kitufe cha mwanga chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Basi. Mengine yote ilijiamulia yenyewe kama mama mkwe.

Dada mtu alivaa gauni, akasimama mbele ya pazia jeusi la kujaribia nguo, kiuno kakishika. Mdogo wake akashika kamera. Huyu walimwita Bubu, kwa aibu aliyokuwa nayo. Hata chumvi mezani aliiomba kwa macho.

Kacha! Gauni likatoka la kijivu.

"Mbona jivu la jikoni hilo?" Shangazi akashika kichwa. "Ongeza mwanga, mwanangu!"

Bubu akaongeza. Likapauka zaidi, kama limeanikwa juani mwaka mzima.

"Ongeza tena!"

"Shangazi, akiongeza tena mimi nageuka malaika," dada akasema.

Bubu akarudisha mwanga sifuri, ajaribu upya. Anabonyeza tu, kinyozi wa mlango wa pili akachomoza. "Jamani, sherehe bila mimi?" Koti lake jeupe la kazi likajaza nusu ya picha.

"Toka hapo, umetuharibia!" Shangazi akamrushia chaki ya kukatia nguo. Ikampata kwenye kipara.

Bubu hakuwasikia. Alikuwa amekikodolea macho kioo cha kamera. Koti la kinyozi lilionekana kama halijafuliwa tangu lizaliwe, lakini gauni... tii! Kumbe kamera hii ni mwoga! Ikiona weusi mtupu inadhani giza limeingia, inamwaga mwanga. Ikiona weupe inatulia. Basi dawa ni kupunguza.

"Tupunguze," akanong'ona.

"Kinyozi, omba radhi!"

"Niombe radhi kwa kipara changu kupigwa?"

"Tupunguze..."

"Kikao kinaanza, tumekwisha!" Shangazi akaanza kumvua dada gauni alikimbize mwenyewe hotelini, dada akapiga yowe.

"NIMESEMA TUPUNGUZE!"

Hata cherehani ilionekana kushtuka. Wote wakageuka kumwangalia, na Bubu akatamani kuingia ndani ya kabati la vitambaa. Lakini kidole kilishabonyeza alama ya kutoa, mara mbili. Kacha!

Shangazi akachungulia. Akachungulia tena. "Nyeusi," akasema polepole. Kisha akapiga kigelegele kilichomfanya kinyozi azibe masikio. "Nyeusi kama nilivyoishona! Na mtoto ana sauti kumbe!"

Kinyozi akaichomoa kadi ya kamera, akakimbilia kwenye kompyuta yake ya kupigia muziki akaitume picha. Waliobaki wakawa hawatulii. Shangazi alipiga pasi kitambaa kilekile mpaka kikaanza kunuka.

Mara kinyozi akarudi mbio, koti likipepea, kadi mkononi. "Amejibu! Anasema ndiyo hii hasa, uanze kushona!"

Hapo duka likageuka ngoma. Shangazi akamzungusha kinyozi, dada akacheza na sanamu ya kuvalishia nguo, Bubu akacheka mpaka kwikwi zikamshika.

"Tupige picha sote, mpiga picha wetu!" Shangazi akairudisha kadi kwenye kamera, akamvisha Bubu kamba ya kamera shingoni.

Akapiga. Kwik! Wote wakatoka ukungu mtupu, vichwa vinne kwa watu watatu. Akapiga tena. Kwik! Akaigeuza kamera juu chini akitafuta. Taa, kuhesabu, mwanga. Kitufe cha kwikwi hawakuweka.

"Shangazi," akasema, kwa sauti iliyofika hadi mtaani, "tusubiri nime... kwik!"