Gumba la Nyamizi na Taa Inayoelewana na Jeli

Jana usiku niliota bi harusi amenatana na mama mkwe wake, na mimi ndiye niliyeitwa kuwatenganisha.

Sikushangaa. Mimi ni Milembe, nina saluni ya kucha hapa Tabora, na watu wakinatana ni lazima waniite mimi. Bi harusi alikuwa Nyamizi, mtoto wa kaka yangu. Mama mkwe alikuwa Mama Hamduni, muuza vitenge, mwanamke asiye na makuu. Walikuwa wamekaa kwenye kochi la saluni, wameshikana mikono kama watu wanaosalimiana. Na kweli walikuwa wanasalimiana, tangu asubuhi.

"Shikamoo shangazi," Nyamizi akasema. "Nilimpa mkono tu."

"Marahaba. Nani alikupaka hizo kucha?"

"Nilijipaka mwenyewe nyumbani. Nikazikausha kwa kile kitochi cha kukagulia noti bandia."

"Mimi sina neno, dada yangu," Mama Hamduni akaniambia, "ila ndoa inafungwa leo jioni, na mkono huu ndio ninaolia chakula."

Nikainama, nikaangalia. Juu, ile rangi ya jeli ilikuwa inang'aa vizuri, mtu asiyejua angesema imekauka. Nikaibonyeza pembeni. Ikanisemesha.

"Mimi bado mbichi," ikasema. "Nimeshika utando juu tu. Ndani ni uji."

"Na unamwasha mtoto wangu?"

"Namwasha. Si kwa ubaya. Nikiwa mbichi nikagusa ngozi, ndiyo tabia yangu. Nikikaa hapa mpaka jioni, kidole cha pete kitavimba."

Nyamizi alianza kulia. "Shangazi, pete haitaingia. Watasema nimemkataa Hamduni mbele za watu."

"Nyamaza, utaharibu wanja," nikamwambia. "Uko kwa Milembe."

Nachukua pamba na spiriti. Nafuta pole pole, pamba baada ya pamba. Mikono inaachana kwa sauti ya mtu anayechomoa kandambili kwenye tope. Mama Hamduni anautazama mkono wake uliobaki peke yake.

"Nilikuwa nimeshaanza kuuzoea," akasema.

Namwosha Nyamizi mikono kwa sabuni. Vidole havijavimba. Nachukua chupa yangu ya jeli nianze upya. Kifuniko hakifunguki.

"Taa yangu ya kuniivisha iko wapi?" chupa ikauliza.

Mezani palikuwa na taa nisiyoijua, ya waridi, ina vioo pembeni. "Mimi hapa," ikasema. "Nina wati nyingi kuliko taa yoyote mkoani."

"Sikuulizi wati," chupa ikasema. "Nisemeshe nione kama tunaelewana."

Taa ikawaka. Saluni nzima ikawa nyeupe, Mama Hamduni akafunika macho.

"Umesikia?" nikaiuliza chupa.

"Nimeona midomo inacheza. Maneno sikuyapata hata moja."

Basi. Taa na jeli zisipoelewana, hata uwashe mpaka kesho, hakuna kitakachoiva. Hilo nalijua hata nikiwa macho. Nikaizima taa ya waridi. "Taa yako iko wapi, basi?" nikauliza.

"Imetangulia ukumbini," chupa ikajibu. "Ilipata kadi yake mapema."

Tunatoka saluni na mlango unatutoa moja kwa moja ukumbini. Ukumbi wenyewe ndio taa yangu. Tumeingilia mdomoni, pale wateja wanapoingiza mikono. Sakafu ni kioo. Darini wamejipanga waimbaji wa kaswida, ni vile vitaa vidogo vidogo, vyote vimevaa kanzu za zambarau. Chini wamekaa wageni, na shehe yuko mbele, ameshika pete. Hamduni amekaa pembeni yake, anatoka jasho.

Kiongozi wa kaswida akainamisha kichwa. "Jeli ya nani hiyo?"

"Ya humu humu," nikasema.

"Basi tunaelewana. Paka tabaka jembamba, dada. Likiwa nene, sauti zetu hazifiki chini."

Kifuniko kikafunguka chenyewe. Napaka tabaka jembamba, nikiacha pengo kidogo ili jeli isiguse ngozi. Nyamizi ananyoosha vidole vinne juu ya kioo, na kaswida inaanza.

"Shangazi, inaunguza!"

"Toa kidogo, ipoe, urudishe. Inaiva hiyo."

Anatoa, anarudisha. Wanaimba mpaka mwisho. Nagonga kucha ya kidole cha pete, inalia kama kikombe. Wageni wanapiga vigelegele, shehe anasimama na pete.

"Na mimi?" sauti ikauliza.

Lilikuwa gumba la Nyamizi.

"Wenzangu wamelala kifudifudi, wameimbiwa mgongoni," likasema. "Mimi nimelala ubavu. Nimeimbiwa sikio moja. Upande wa pili ni mbichi kabisa."

"Gumba halivai pete," mgeni mmoja akapaza sauti. "Tuendelee, pilau linapoa!"

Shehe akanitazama. Hamduni akanitazama. Nyamizi hakunitazama, alilishika gumba lake kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa kitu.

"Hakuna kucha inayotoka kwangu mbichi," nikasema. "Shehe, naomba usubiri. Pilau nalo lisubiri."

Nililala chini pamoja na Nyamizi kwenye kioo, nikalishika gumba lake, nikaligeuza likatazama juu sawasawa. Kaswida ikaimbwa upya, yote, kwa ajili ya gumba moja. Mama Hamduni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia, kisha ukumbi mzima.

Walipomaliza, nikaligonga. Likalia kama kikombe.

"Ahsante," likasema. "Hii ni mara ya kwanza kusubiriwa."

Pete iliingia bila hata kusukumwa. Nyamizi alicheka huku analia, na wanja ukaharibika. Sikumgombeza.

Ndipo wanaume wakaanza kuangalia magumba yao. Wakaja, wakapanga foleni, wameyainua juu. Nawapaka mmoja baada ya mwingine. Nyuso siziangalii. Nikiwa kazini naangalia kucha tu.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mume wangu Lufunga, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anautazama mkono wake wa kulia.

"Mama, hiki nini?"

Gumba lake lilikuwa na jeli ya rangi ya ubuyu. Nikalivuta karibu. Kingo safi, ngozi haijaguswa. Nikalibonyeza pembeni, nikaligonga. Limeiva mpaka chini.

"Nikakwangue kwa kisu?" akauliza. "Mafundi wenzangu watanicheka."

"Thubutu! Jeli iliyoiva haikwanguliwi. Inalowekwa. Kaa hapo nilete dawa."

Akakaa. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama Shija. Yule shehe naye umemwambia asikwangue?"

Sikuwa nimemwambia Lufunga habari za shehe yeyote.