Chumba cha Sufi

Punda wa jirani ndiye aliyemkasirisha Mohdhar hata akaamua kuziba chumba. Alikuwa amerudi kutoka Mombasa na mashine ya kunasa sauti, nzito kama jiwe la kusagia, inayotumia betri ya lori. Huko Mombasa tajiri mmoja wa santuri alimwahidi kwamba akimpelekea nyimbo sita safi za dada yake, Umi, atazitoa. Basi kwa siku tatu Umi aliimba kwenye ghorofa ya juu ya nyumba waliyoachiwa na baba yao mjini Amu, na kwa siku tatu walisikiliza utepe wakasikia punda, kinu, watoto wa chuo cha Kurani, na chini ya hayo yote sauti ya Umi ikirukaruka kama anaimba kisimani.

Mohdhar alisimama katikati ya chumba akapiga kofi moja. Kofi likajibiwa na kuta mara tatu.

"Maradhi ni mawili, dada," alisema. "Mwangwi wa ndani unatibika kwa vitu laini. Kelele za nje hazijali ulaini, hizo zinataka uzito."

Kazi ilichukua mwezi mzima. Dirisha walilijenga kwa mawe na chokaa likawa ukuta. Mlango Mohdhar aliufanya wa mbao mbili zilizoachana vidole vinne, katikati akajaza mchanga mkavu wa Shela, na pembeni akaupigilia vipande vya mpira ili ukifungwa usiache hata upenyo. Ulikuwa mzito hata ulitaka bega kuusukuma. Umi naye alishona magodoro ya sufi, wakayatundika kutani yakiwa yameachana na ukuta kiganja kimoja, kwa sababu Mohdhar aligundua kwamba hewa ya nyuma nayo inasaidia kuimeza sauti. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikashindiliwa makumbi ya nazi. Juu, kati ya boriti na boriti, wakafunga majamvi.

Walipomaliza, chumba kilikuwa kimekufa kabisa, neno likitoka kinywani linaanguka miguuni. Wakaondoa magodoro mawili ya ukuta wa mbele, na sauti ikapata uhai kidogo.

"Sasa ingia upige ukelele," Mohdhar alimwambia. "Nguvu zako zote."

Umi alifunga mlango akapiga ukelele hadi koo likawasha. Alipofungua, ndugu yake alikuwa ukumbini anacheka.

"Nimesikia kama mbu," alisema.

Umi hakucheka. Alikuwa ameolewa Matondoni miaka minne na Husseini, fundi wa kuunda vyombo vya baharini, mtu wa mikono minene na hasira ya karibu. Alimvunja mtulinga, alimng'oa meno mawili, na mara moja alimburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi uani. Kila mara Umi alipiga kelele, na kati yake na majirani palikuwa na ukuta wa makuti tu. Asubuhi walimletea uji, wakamuuliza habari za watu wa Amu. Hatimaye alitoka na nguo alizovaa, akapata talaka yake, akarudi kwa ndugu yake.

Husseini alipanda ngazi za nyumba ile siku ya Jumatatu, baada ya adhuhuri. Wao hawakusikia kitu. Mohdhar alikuwa amechutama mbele ya mashine, visikizio masikioni, na Umi alikuwa anashona godoro moja lililofumuka, kwa ile sindano ndefu ya magodoro, urefu wa shibiri. Mlango ukasogea. Husseini aliingia na vumbi la mbao kifuani, tezo ya kuchongea mkononi.

"Nimekuya kwa ndia ya heri," alisema, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukajifunga.

Mohdhar alivua visikizio. "Na hiyo tezo?"

"Natoka kazini." Kisha akamgeukia Umi. "Nimesikia unapeleka sauti yako Mombasa. Kila mwanamume mwenye santuri atalala nayo chumbani kwake."

"Mimi si mkeo, Husseini. Eda yangu ilikwisha mwaka juzi."

"Bwana Husseini," Mohdhar alisema, akainuka na kumwekea mkono begani, "tushuke tukazungumze barazani."

Husseini alimpiga kwa kisogo cha tezo, juu ya sikio la kulia. Katika chumba kile pigo halikuwa na mwangwi. Lilisema ko, likaisha. Mohdhar aliiangukia mashine, utepe ukafumka ukamzingira shingoni, na kabla hajajigeuza Husseini alimpiga mateke mawili ya mbavuni. Damu ilimtoka sikioni ikaingia kwenye jamvi.

Umi alikimbilia mlango. Bega lake lilikuwa bado halijausogeza hata inchi moja alipodakwa nywele na kutupwa ukutani. Godoro lilimpokea, likamrudisha, na ngumi ilikuwa inamngoja. Alianguka, akainuliwa, akatupwa tena.

Husseini alitazama kuta zile, juu hadi chini, akaelewa yuko mahali gani. Akatabasamu.

"Piga kelele," alisema. "Si ulikuwa ukipenda kupiga kelele?"

Umi alifungua kinywa akakifunga. Ngumi ya pili ilimpata ubavuni, na mfupa ulipovunjika aliusikia kwa ndani, wazi kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia mle chumbani. Kisha mkono ulimshika koo, ukambana na sufi, na mato ya Husseini yakawa karibu na yake, mekundu, hayapepesi. Pumzi ikamwishia. Mkono wa kulia wa Umi ulipapasa godoro nyuma, ukapata uzi, ukaufuata uzi, ukaipata sindano.

Aliizamisha kwapani mwa Husseini hadi kiganja kikagusa shati.

Husseini aliguna kama mtu aliyeitwa jina. Koo likaachwa. Umi aliichomoa, akamchoma tena, shavuni, ikagonga jino. Hapo Husseini alipiga ukelele mrefu. Chumba kikaumeza wote. Tezo ilianguka, naye akapiga magoti, mkono mmoja sakafuni, mwingine umeshika uso. Umi aliiokota tezo. Hakufikiri kitu. Aliishusha kwenye ule mkono wa sakafuni, na vidole viwili vikabaki juu ya jamvi, peke yao.

Akaiinua tena. Safari hii alikuwa anakitazama kichwa.

"Dada," Mohdhar alisema kutoka chini, kwa sauti ndogo.

Umi alisimama hivyo kwa muda, mikono juu. Alijua anataka kuishusha. Kujua huko kulimtisha kuliko vidole vile.

"Ondoka," alimwambia Husseini.

Husseini aliusukuma mlango kwa bega zima, akateleza kwenye damu yake, akasukuma tena. Hakuuweza. Ikabidi Umi mwenyewe amfungulie.

Wazee walikuja siku ya tatu, wa Amu na wa Matondoni. Bwana Abdulghafur, mkubwa wao, aliyekuwa ametoka Matondoni, alikunywa kahawa yake kisha akauliza kwa upole, "Bi Umi, kwa nini hukupiga kelele watu wakaja?"

"Matondoni nilipiga miaka minne," Umi alisema. "Nyumba yako ilikuwa ya pili kutoka kwetu, Bwana."

Abdulghafur alikiangalia kikombe. Mtu aliyeingia nyumba ya watu na tezo hakuwa na la kudai, na Husseini hakudai. Alihamia Kiwayu kwa ndugu za mama yake, na tezo hakuishika tena.

Sikio la kulia la Mohdhar halikurudi. Alimkuta dada yake uani, mbavu zimefungwa kwa leso, anafua foronya za magodoro kwa maji ya chumvi.

"Nitakivunja chumba," alisema. "Sikio moja litasikiliza nini?"

"Sufi imekosa nini?" Umi alijibu bila kuinua kichwa. "Kitie komeo la ndani. Na mimi nina masikio mawili."

Mashine ilitengenezwa na fundi wa saa, ikachukua miezi miwili. Kutoka hapo Mohdhar aliendesha mitambo na Umi alivaa visikizio. "Huku chini kunavuma," alikuwa akisema, na Mohdhar akaongeza jamvi. "Sasa kumekuwa kuzito," na akalitoa.

Wimbo wa kwanza ulikatika mara tatu. Kila alipofika kwenye sauti ile ndefu ya mwisho, ubavu ulimkamata kama ndoana. Mara ya nne alivuta pumzi mapema, katikati ya neno, mahali ambapo hakuna mwimbaji wa Amu anayepumua, akaipita ile sauti akatoka nayo salama. Mohdhar alitaka warudie. Umi akakataa.

Santuri ilitoka mwaka uliofuata. Harusini huko Pate, wasichana waliokuwa wanaiga wimbo ule walivuta pumzi palepale, katikati ya neno, wakidhani ndiyo madoido yake.