Mkalimani wa Jumapili

Mwanangu alikataa kumfundisha binti yake Kiswahili, eti mtoto atachanganyikiwa. Yeye mwenyewe nimemlea kwa Kiswahili na hakuchanganyikiwa mpaka alipopanda ndege. Basi kila Jumapili akinipigia kwa video, anakaa katikati yetu kama mkalimani wa mahakamani. Mjukuu ataongea weee, mikono juu chini, halafu baba yake ananigeukia: "Anakusalimia, mama."

Nikasema potelea mbali, nitajifunza. Kiingereza cha kuulizia bei na kupimia viuno vya wateja ninacho, lakini mtoto yule anaongea cha vitabuni. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, akawa ananipa maneno mazito kila wiki. Nikayaandika kwenye mabaki ya karatasi za kukatia nguo, nikayabandika kwenye cherehani, kwenye kabati, mlangoni mwa friji. Nilishona huku midomo ikichezacheza, wateja wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa mimi. Mwanangu sikumwambia. Nilitaka siku moja nimshtukize mjukuu wangu.

Jumapili moja mtoto akauliza mbona bibi haji kwao hata siku moja, na mimi nikaelewa kila neno. Nilifurahi hadi nikashika kifua. Baba yake hakunigeukia. Alimjibu huku akitabasamu kwamba bibi ni "reluctant". Neno hilo lilikuwa mlangoni mwa friji, pamoja na maana yake: mtu asiyetaka, anayejivutavuta. Mtoto akanyong'onyea, akauliza kama bibi hampendi. Ndipo mwanangu akanigeukia.

"Anakusalimia, mama."

Miaka yote hiyo nambembeleza aniite japo wiki moja, ananiambia nyumba ni ndogo, viza ni ngumu, nisubiri kidogo.

Labda ningemeza tu, nimstiri mbele ya mwanawe. Nilishindwa. Nikamwambia mtoto kwa Kiingereza, polepole, kwamba nampenda, kwamba ningekuja hata kesho, ila baba yake hajawahi kuniita.

Mtoto akageuza shingo kumtazama baba yake, na simu ikakatika.

Maneno bado yamebandikwa nyumba nzima, na sina wa kuzungumza naye. Mwanangu siku hizi ananipigia Jumatano, akiwa ofisini. Namuuliza mjukuu wangu yuko wapi.

"Yuko shule, mama," ananijibu. "Anakusalimia."