Bili ya Kwanza ya Mwaka

"Leseni si halali. Wasiliana na mafundi wetu."

Krupali aliyasoma maneno hayo kwenye kioo cha kompyuta, kile cha kugusa kwa kidole, mara tatu, kana kwamba yakisomwa kwa adabu yangebadilika. Hayakubadilika. Nyuma yake baba mkwe wake, Vrajlal, ambaye mtaa mzima wa wauza shaba ulimwita Bapuji, alikuwa akitundika maua mlangoni. Ilikuwa Labh Pancham, siku ya kufungua maduka baada ya mapumziko ya Diwali, na bili ya kwanza ya mwaka mpya wa wafanyabiashara, unaoanza baada ya Diwali, ilitakiwa itoke kabla ya saa nne, saa ya heri ikingali ipo. Ikichelewa, mwaka mzima unakwenda kombo. Ndivyo wanavyoamini watu wa Jamnagar, mji huu wa India, na ukitaka kubishana nao, kanunue bawaba zako kwingine.

"Vipi binti, mashine imeamka?"

"Inaamka, Bapuji."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa mwaka mpya.

Tangu aolewe, Krupali aliyesomea uhasibu alikuwa akihesabu chapati tu. Miezi michache iliyopita ndipo mzee aliporidhia hesabu za duka ziingie kwenye kompyuta na yeye akae nayo, kwa sharti moja: ikishindwa kutoa bili ya Labh Pancham, duka linarudi kwenye daftari jekundu na Krupali anarudi jikoni. Mzee hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali, kwa maana maneno yake ya upole hayakuwahi kutenguliwa.

Kuwapigia mafundi? Siku hiyo maduka yote ya Gujarat yanafunguliwa kwa pamoja. Ungesikilizishwa muziki mpaka sikio liote sugu, halafu kijana akuulize kama umezima na kuwasha. Basi Krupali akazima, akawasha. Leseni si halali.

Akaangalia mtandao: hakuna ukurasa uliofunguka. Akachomoa waya wa ruta, akaupuliza, akaurudisha. Taa zote zikawaka kijani, na bado kurasa zikagoma. Akaingiza namba ya leseni upya, tarakimu kwa tarakimu, jasho likimtoka na feni inazunguka. Ikakataliwa.

"Shemeji Krupali!" Mansukhbhai alikuwa ameingia, mnunuzi wa bawaba ambaye kila mwaka ndiye hufungua mauzo ya duka, akaketi kwenye gunia la koki. "Nimekuja kununua au kuhudhuria matanga?"

"Dakika moja tu, Mansukhbhai."

"Mwaka jana Bapuji aliniandikia kabla sijamaliza chai. Ya kale ni dhahabu, hata kwenye duka la shaba!"

Bapuji alicheka kidogo, akaitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu ilikuwa imepita. Akalitoa daftari jekundu rafuni, akalifungua ukurasa mweupe, akaanza kuifuta kalamu yake kwa pindo la kanzu. Krupali alitamani kulia.

Nani kaiharibu? Kabla ya Diwali ilikuwa nzima. Usiku wa Diwali iliwekwa mbele ya sanamu ya mungu wa kike wa mali, pamoja na daftari, ikapakwa unga mwekundu na kunyunyiziwa mchele, ili nayo ibarikiwe. Krupali hakuwapo, alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa. Alisikia tu kwamba kuhani alichelewa, ana maduka mengi ya kubariki, lakini Bapuji aliapa kwamba ibada ilifanyika ndani ya saa ya heri kabisa.

Akaiinua kompyuta asome namba ya mafundi iliyobandikwa chini. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Punje ya mchele ikadondoka kutoka kwenye kibodi. Hapo ndipo alipoona, pembeni mwa kioo, chini kulia, alama ya kidole gumba, nyekundu, nene. Akaifuta kwa kitambaa. Chini yake palikuwa na tarehe ya kompyuta, na mwaka ulikuwa umerudi nyuma kwa mmoja.

Programu ilinunuliwa miezi michache tu iliyopita. Kwa kompyuta hii, leseni ilikuwa bado haijazaliwa; na tarehe ikikosewa, hata kurasa za mtandao hugoma.

Akageuka polepole kuitazama saa ya ukutani. Kwenye kioo chake palikuwa na alama nyingine ya kidole, nyekundu vilevile. Akachungulia simu yake chini ya meza. Saa nne ilikwisha kupita.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kuhani alichelewa, basi mzee akairudisha saa ya ukutani nyuma nusu saa ili heri isiwapite, kisha akaona haya kuiacha mashine nje ya baraka. Akairudisha nyuma na saa ya mashine. Nusu saa tu ndiyo aliyoitaka, lakini kidole kinene kikavuta na mwaka. Huyu mzee ambaye Krupali alidhani anaichukia kompyuta alikuwa ameidanganya miungu kwa ajili yake.

"Binti," Bapuji akasema taratibu, kalamu mkononi, "niandike?"

"Usiandike bado, Bapuji. Iko tayari."

Akarekebisha mwaka. Mkono wake ukafika kwenye saa ya kompyuta, ukasita. Akaiacha ilivyo, nusu saa nyuma. Programu ikafunguka, printa ikakohoa, na bili ya Mansukhbhai ikatoka.

Bapuji aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na macho, akasoma jina, bawaba, tarehe, kisha saa iliyochapwa: kabla ya saa nne. Akatabasamu. Halafu akainua macho kwenye saa ya ukutani, kwenye ile alama nyekundu, na tabasamu likasimama. Akalitazama gumba lake. Akamtazama Krupali, naye Krupali akaangalia kibodi.

"Mwaka umefunguka!" Mansukhbhai akapiga makofi. "Chai basi, au nayo ina leseni?"

Mzee alilifunga daftari jekundu, akalifunika kwa kitambaa chake, akalirudisha rafuni juu kabisa.

"Ile saa ya ukutani imechoka," akasema bila kugeuka. "Kesho ukija dukani, uirekebishe. Leo usiiguse."