Ukuta Namba Tisa

Asumini alijitia mtegoni kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka miwili mizima mwanawe Mahamudi alimsihi ahamie Himbi, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga karibu na ziwa, yenye chumba cha mama na kitanda kipana. Naye kila mara alijibu kwamba hawezi kuiacha nyumba yake. Siku moja, ili amnyamazishe tu, akaongeza, "Labda tuende nayo."

Alisahau anaongea na nani! Mahamudi alikuwa na malori matatu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kufunguliwa na kuunganishwa. Jumamosi asubuhi lori likasimama mlangoni, na fundi Mirindi akashuka na nyundo yake.

Nyumba zile zilikuja mwaka 2002, baada ya lava ya volkano kuumeza mtaa wao. Shirika moja lilizileta thelathini, zikiwa vipande: kuta za mbao zilizokwisha kupigiliwa, milango, mabati. Waliambiwa zitadumu miaka mitatu. Sasa ilikuwa miaka kumi na miwili. Waasi walioushika mji waliondoka, wengine wakaja, nao wakaondoka, na nyumba zimesimama tu juu ya mawe meusi, zimepakwa rangi, zimeongezewa jiko na kibaraza. Wenyewe waliziona nzuri kuliko za Himbi, na nani angewabishia?

Mirindi aling'oa ukuta wa kwanza, akautazama upande wa ndani palipoandikwa namba, akachungulia na ule wa nyuma, akaguna.

"Mama Asumini, nyumba yako ni numéro ngapi?"

"Quatorze."

"Huu ukuta iko neuf. Na ule wa nyuma, vingt-deux." Yaani tisa na ishirini na mbili, wala si kumi na nne.

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uchochoroni, maana mtaa ule hauna siri. Léoncie, mama wa nyumba namba tisa, akapiga makofi akicheka mpaka akashika kiuno.

"Njo vile ilikuwa! Siku ile mvua ilikuwa inakuja, na jirani yetu Emerance alikuwa amezaa jana yake. Tukajengea yeye kwanza, kisha wazee. Mutu alikuwa anabeba ukuta wa karibu. Ule wa shirika alikuwa analia na liste yake ya namba, hakuna aliyemusikia."

Moyo wa Asumini ulichangamka. Alijitahidi kuukunja uso.

"Umeona, Mahamudi? Nyumba ni ya watu wote. Tukibeba hii, tutabomoa mtaa muzima. Haiwezekani."

Mahamudi alijikuna kichwa, akiutazama ukuta. Asumini akamhesabu ameshindwa, akamwambia Mirindi arudishe misumari. Lakini Léoncie, ambaye moyo wake mwema humponza kila siku, akafuta machozi ya kicheko na kumshika Asumini mkono.

"Hapana, mama. Tuko majirani tangu ile volkano. Ukuta nimekupa. Wa vingt-deux naye amekupa, si ndiyo? Beba tu, uende ukalale vizuri kwa mutoto wako. Sisi tutakuja kukusalimia."

Majirani wakaitikia kwamba wamempa. Mahamudi akawashukuru kila mmoja, akawaashiria wapakizi wake. Wakauinua ukuta.

Asumini alitamani kumpiga Léoncie kofi, kisha alitamani kumkumbatia. Hakuwa na kisingizio tena. Wapakizi walipofika kwenye lori, akaita.

"Mahamudi! Mutoto wangu. Mi sitaki kuenda."

Wapakizi wakasimama na ukuta mikononi.

"Si juu ya ukuta," akasema. "Kwako ni kuzuri, lakini mi napenda hapa. Nafurahi hapa."

"Juu ya nini hukusema, mama?"

"Ulikuwa unanijengea na furaha sana. Niliogopa kukuumiza."

Ilimuuma Mahamudi kweli, ilionekana machoni. Kisha akavua koti, akampa dereva, akauchukua ukuta kwa wapakizi na kuurudisha mwenyewe mahali pake.

"Papa Mirindi, piga."

Mirindi akapiga misumari, Mahamudi ameuegemea ukuta kwa mabega yote mawili, jasho linamtiririka, na mama yake amesimama kandokando yake, bega kwa bega. Ilikuwa zamani sana hawajasimama karibu namna ile. Nyundo ikanyamaza. Mirindi alikwisha kuzikusanya zana zake.

"Mama, niache sasa?" akauliza Mahamudi, mabega yake yangali ukutani.

"Bado," akasema Asumini.